Kumvua kapi mkubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chambo na mtego

Kapi, samaki anayezungumziwa hapa, ni yule wa kawaida, Cyprinus carpio, pamoja na ndugu zake wa damu moja: kapi kioo, mwenye magamba makubwa machache yaliyotawanyika mwilini, na kapi ngozi, ambaye karibu hana gamba hata moja. Wote wanakula kwa namna ileile, kwa hiyo mtego (ndoano, uzi na chambo vilivyofungwa pamoja) unaomnasa mmoja unawanasa wote. Jibu la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Usiliruke.

Kwa nini kapi mkubwa anachezea chambo changu lakini hanasi?

Kwa sababu hachezi, anaonja. Kapi hana jino hata moja mdomoni. Meno yake yako kooni, mapana na bapa, na kwa hayo anasaga konokono na kombe wa majini. Midomo yake hurefuka mbele kama bomba na kufyonza kila kilichopo chini: tope, changarawe, funza wa maji, mbegu. Halafu ndani ya kinywa, kwenye nyama laini ya juu, anachambua. Chakula kinabaki, takataka zinatemwa. Anafanya hivyo mamia ya mara kwa siku. Kutema ndiyo kazi yake ya kila siku, wala si ujanja aliojifunza kwa ajili yako.

Siku moja nililala kifudifudi kwenye ukingo ambapo maji yalikuwa meupe hadi chini, kina cha kiunoni tu. Nilikuwa nimeificha ndoano yote ndani ya donge la unga, kama nilivyofundishwa utotoni. Kapi mmoja mnene alikuja polepole, sharubu zake nne zikipapasa mchanga. Akalifyonza donge. Nikaliona limepotea, nikashika fimbo, na kabla sijavuta donge lilikuwa nje tena, mbele ya pua yake. Alirudia mara tatu. Mara zote tatu ncha ya fimbo haikutikisika hata kidogo. Tangu siku hiyo, kila mtego ninaoufunga naupima kwa swali moja: samaki akitaka kutema, ndoano itafanya nini?

Basi ndoano niiweke wapi, kama si ndani ya chambo?

Nje kabisa, ikiwa tupu. Chambo kinaning'inia pembeni yake kwenye uzi mfupi mwembamba unaoitwa unywele. Mbinu hii ilibuniwa Uingereza na Lenny Middleton na Kevin Maddocks mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake lina asili ya kweli, maana majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa unywele wa mtu.

Kapi anafyonza chambo, na ndoano inafuata. Anapotema, chambo kinatoka kwanza kwa kuwa kiko huru, kisha kinaivuta ndoano nyuma yake. Ndoano tupu inayotoka kinywani huku ncha yake ikiwa wazi hugeuka na kuchoma mdomo wa chini. Kile kitendo cha kutema, kilichokuwa kinamwokoa, ndicho kinachomnasa.

Kufunga hakuna ugumu. Tengeneza kitanzi kidogo kwenye ncha ya kigwe (ule uzi mfupi unaobeba ndoano) kwa ajili ya kushikilia chambo. Pitisha ncha ya pili kwenye tundu la ndoano ukitokea upande wa mgongoni, yaani upande usiotazamana na ncha kali, kisha vuta mpaka unywele ubaki na urefu unaoutaka. Ulaze unywele kando ya shina la ndoano, zungusha kigwe mara saba au nane kwa kubana, ukishuka kuelekea kwenye mpindo. Rudisha kigwe kwenye tundu, tena kwa upande uleule wa mgongoni, halafu lowesha na ukaze. Watu wengi hukosea hapo mwisho: wakipitisha kwa upande wa ncha, ndoano hufunguka vibaya na haigeuki.

Kuujaribu, laza mtego mzima kwenye kiganja kilicholowa, shika kigwe upande wa pili na uvute taratibu kuelekea kwenye vidole. Ncha ikizama kwenye ngozi yenyewe bila kusaidiwa, mtego uko sawa. Ikiteleza tu, anza upya.

Unywele uwe na urefu gani?

Chambo kikishaingia, kati yake na mpindo wa ndoano kubaki nafasi ya milimita 5 hadi 10. Ukifupisha sana, chambo kinaziba kinywa cha ndoano. Ukirefusha mno, samaki anaweza kushika chambo midomoni huku ndoano ikiwa bado nje. Ukiona samaki wako wananasa kwenye ncha ya mdomo kwa ngozi kidogo tu, badilisha urefu huo kabla hujagusa kitu kingine. Sehemu nzuri kuliko zote ni katikati ya mdomo wa chini, ndani kidogo.

Ndoano namba ngapi?

Namba 4, 6 au 8. Kumbuka kwamba namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo. Mimi hutumia 6 kwa chambo cha milimita 15 na 4 kwa kikubwa zaidi ya hapo. Kuliko kusumbuka na namba, angalia ukali: gusisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikikwama, inafaa, ikiteleza, itupe. Ndoano iliyogonga jiwe mara moja inatosha kukupotezea samaki wa mwaka.

Kigwe kiwe cha aina gani, na kirefu kiasi gani?

Sentimita 15 hadi 25 zinatosha mahali pengi. Kigwe laini cha kusukwa kinaruhusu chambo kusogea kama kitu kisichofungwa, na samaki mwenye mashaka hakitilii maanani. Kasoro yake ni kujizonga wakati wa kutupa mbali. Kigwe kigumu cha nailoni au florokaboni hakizongi, na kinairudisha ndoano mahali pake hata samaki akiitema mara ya kwanza.

Kuna pia kigwe cha kusukwa kilichovikwa ngozi ya plastiki, ambacho ndicho ninachokipenda zaidi. Unaacha ngozi sehemu kubwa, unamenya sentimita 2 au 3 karibu na ndoano, na hapo unapata ugumu wa kutupia na ulaini wa kugeukia kwa pamoja.

Kwenye tope zito, refusha hadi sentimita 30. Chubwi, ule uzito unaoshusha mtego hadi chini, likizama kwenye tope linavuta kigwe pamoja nalo, na kigwe kifupi kitazikwa pamoja na chambo.

Kwa nini wavuvi wa kapi hutumia machubwi mazito? Si yatamtisha?

Ndiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Chubwi la gramu 80 hadi 110 lililoshikizwa mahali pamoja kwenye mshipi hukaa chini kama nanga. Kapi anayechomwa na ncha hutikisa kichwa au kuinuka, anakutana na uzito huo ghafla, anashtuka na kukimbia. Kwa kukimbia anaizamisha ndoano mwenyewe. Wewe unasikia rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) ikilia na unainua fimbo tu, huna haja ya kuvuta kwa nguvu.

Chubwi jepesi, kwa mfano gramu 30, liko katikati: si jepesi kiasi cha samaki kutolihisi, wala si zito kiasi cha kumshtua. Afadhali kwenda upande mmoja kikamilifu.

Wako wavuvi wanaopendelea chubwi linaloteleza kwenye mshipi, na wana hoja. Kapi aliyekwisha kunasa mara nyingi ameujua uzito usiosogea, na anajua kujichomoa kwa kutikisa kichwa akiutumia uzito huohuo. Chubwi linaloteleza halimpi cha kujiegemeza. Lakini linakutaka ukae macho, mshipi uwe umenyooka, na ushike fimbo mara moja.

Kuna jambo moja ambalo sina mzaha nalo. Chubwi lililoshikizwa lazima liweze kuchomoka mshipi ukikatika. Tumia kishikizo cha plastiki kinacholiachia likivutwa kwa nguvu, wala usilifunge kwa fundo. Samaki anayekwenda na robo ratili ya vyuma nyuma yake, akakwama kwenye majani, anakufa polepole, na kosa linakuwa la aliyefunga.

Chambo gani ni bora kuliko vyote?

Kile anachokitambua kuwa chakula na ambacho samaki wadogo hawakimalizi kabla yake. Zaidi ya hapo, watu wanatumia fedha nyingi kuliko inavyohitajika. Tarehe 16 Juni 1980, mvuvi Chris Yates alimtoa kapi wa takriban kilo 23 kwenye bwawa la Redmire, England, na chambo chake kilikuwa mahindi matamu. Kwenye bwawa hilohilo Richard Walker alikuwa amemtoa wa kilo 20 mwaka 1952 kwa mkate.

Mahindi makavu ni mazuri sana, ila yaandae. Yaloweke saa 24, kisha yachemshe nusu saa au zaidi mpaka punje ibonyee ukiibana kwa vidole. Punje kavu inayomezwa huvimba ndani ya samaki, na kapi hana tumbo la kuhifadhia chakula, ana utumbo tu. Sheria hii ni ya mbegu zote: dengu, maharage, ngano.

Ndago za kuliwa, vile vijiazi vitamu vyenye makunyanzi, ni chambo cha ajabu. Ngumu, tamu, zinasagika kwa mlio kooni, na samaki wadogo hawaziwezi. Loweka siku nzima, chemsha nusu saa, kisha ziache kwenye maji yaleyale siku moja au mbili zaidi mpaka maji yawe mazito na kunata kama uji mwepesi. Utelezi huo usiumwage, ndio wenye utamu. Ndago mbili kwenye unywele zinatosha, na konzi moja ya kutawanya. Ukizidisha, samaki hushiba kitu ambacho hakina lishe kamili.

Karanga siziungi mkono. Zikiota ukungu huwa na sumukuvu, na mabwawa mengi yanazikataza kabisa.

Nyungunyungu ni chambo cha hali ya hewa ya baridi au maji yaliyochafuka baada ya mvua. Kila samaki anampenda, na hilo ndilo tatizo lake.

Boili ni nini, na naweza kutengeneza mwenyewe?

Ni vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa mpaka vikafanya ngozi ngumu. Fred Wilton wa Uingereza ndiye aliyesukuma wazo kwamba chambo kiwe chakula chenye lishe ya kweli, ili kapi akirudie kwa hiari kadiri anavyokizoea. Nakubaliana naye. Harufu inamwita mara moja, lishe inamrudisha kesho.

Mchanganyiko rahisi: sehemu mbili za semolina, sehemu mbili za unga wa soya, sehemu moja ya unga wa mahindi, sehemu moja ya unga wa samaki. Piga mayai kwanza, halafu ongeza unga kidogo kidogo, takriban gramu 80 hadi 100 kwa kila yai, mpaka upate donge lisiloshika mikononi. Lifunike dakika 20 unga unywe maji. Viringisha vidonge vya milimita 14 hadi 20, vitie kwenye maji yanayochemka kwa wingi mdogo mdogo, dakika moja na nusu hadi mbili. Vikianza kuelea viko karibu. Vianike kwenye wavu siku moja kwa chambo laini, tatu kwa kigumu. Usivirundike vikiwa na moto, vitachacha.

Je, rangi na harufu vina umuhimu?

Harufu zaidi. Kapi ana vionjio kwenye sharubu, midomoni na hata kwenye ngozi ya nje, na vitu vinavyoyeyuka majini ndivyo vinavyomfikia. Kwa hiyo sukari, chumvi, na vimiminika vilivyotokana na samaki au chachu hufanya kazi haraka. Mafuta hayachanganyiki na maji, na maji yakiwa baridi huganda ndani ya chambo pasipo faida. Tatizo ninaloliona mara nyingi ni kuzidisha: chupa inasema matone, mtu anamimina kijiko. Chambo kinachokuumiza pua wewe kitamfukuza yeye.

Rangi angavu husaidia pale unapotaka kidonge kimoja kionekane, hasa majira ya baridi.

Nitawanye chambo kiasi gani?

Kwa kuwa hana tumbo, kapi hula kidogo kidogo kwa muda mrefu, na joto la maji ndilo linaloamua mwendo wa utumbo wake. Maji yakiwa na nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi anakula kwa bidii, na unaweza kutawanya kilo moja au mbili mahali penye samaki wengi. Yakishuka chini ya nyuzi 10, konzi moja ni nyingi. Hapo mimi hutia vidonge vichache vilivyovunjwavunjwa kwenye mfuko wa PVA, plastiki inayoyeyuka majini, nauning'iniza kwenye ndoano na kutupa. Mfuko unayeyuka, chungu kidogo kinabaki, na chambo changu kiko juu yake.

Ulichokwisha kukitia majini hukitoi tena. Anza na kidogo.

Chambo kinachoelea kina kazi gani?

Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kukaa juu ya uchafu: chini kukiwa na tope au majani yaliyooza, kidonge kinachoelea kilichozuiwa na kipande kidogo cha risasi kwenye kigwe hukaa sentimita 2 hadi 5 juu, kikionekana. Kaza risasi hiyo mahali unapotaka kidonge kiishie, basi.

Kazi ya pili wengi hawaijui. Ndoano ina uzito, kwa hiyo chambo kilichofungiwa ndoano hufyonzwa kwa ugumu kuliko vile vilivyolala huru pembeni yake, na samaki mkubwa anaitambua tofauti hiyo. Weka nusu ya chambo kinachoelea juu ya nusu ya kinachozama kwenye unywele mmoja, ukipunguza kwa kisu mpaka mtego mzima ukitiwa kwenye ndoo ushuke polepole kama jani. Chambo namna hiyo kinaingia kinywani kwa urahisi na kwenda ndani zaidi. Dakika tano kando ya ndoo kabla ya kutupa zimenipa samaki wengi kuliko chupa yoyote ya harufu.

Nawaona juu ya maji, lakini hawashuki kula. Nifanye nini?

Wafuate hukohuko. Siku za joto tupa vipande vya ganda la mkate bila ndoano, subiri wale kwa uhakika, angalau watano au sita bila woga, ndipo utupe chenye ndoano. Mshipi usilale juu ya maji mbele ya pua zao. Kama wako katikati, si juu wala chini, funga kigwe kirefu chenye kidonge kidogo cha povu kinachoelea, urefu wa nusu ya kina cha maji, uwe unaurefusha au kuufupisha mpaka uwapate.

Samaki wadogo wanamaliza chambo. Kuna dawa?

Boili ngumu zilizoanikwa siku nyingi, ndago, au punje tatu za mahindi ya plastiki yanayouzwa kwa kazi hiyo. Acha unga wa kutawanya kabisa, ndio unaowaita.

Nitajuaje mahali pa kutupa?

Tumia saa moja ukitembea kimya kabla hujafungua mkoba. Tafuta mapovu madogo yanayopanda kwa mkupuo na kusogea, maji yaliyotibuka mahali pamoja, mabua yanayotikisika bila upepo, na samaki anayeruka. Upepo wa vuguvugu unaovuma siku mbili au tatu kuelekea ukingo mmoja hupeleka chakula na samaki huko. Upepo wa baridi, geuza: kaa ng'ambo penye utulivu.

Tembea kwa wepesi. Kapi ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, na mtetemo wa hatua zako ukingoni anausikia vizuri sana. Wakubwa wengi hula mita mbili tu kutoka ukingoni, na mvuvi anawafukuza kwa kukanyaga, kisha anatupa mita themanini kuwatafuta.

Amenasa. Sasa?

Mshipi wa milimita 0.30 hadi 0.35 na fimbo inayopinda vitafanya kazi kubwa. Breki ya rili iwe inaachia kabla mshipi haujafika ukomo wake. Mwache mkimbio wa kwanza, isipokuwa kuna visiki: hapo inamisha fimbo pembeni na umgeuze mapema. Akikaribia, usilegeze. Wengi hupotea kwenye mkimbio wa mwisho mbele ya wavu. Wavu uwe umezama majini tayari, umlete samaki juu yake, wala usimfukuzie.

Namshikaje bila kumwumiza?

Tandika godoro la sponji na ulimwagie maji kabla hujamtoa. Lowesha mikono. Ute unaomfunika mwilini ni kinga yake, na mkono mkavu au nyasi kavu huuondoa. Ndoano isiyo na kijino hutoka kwa kidole. Ukitaka picha, piga magoti na umshike juu ya godoro, chini kabisa, maana akipapatika atatoka mikononi. Kisha mwinue ndani ya wavu uliolowa, mrudishe majini ukimshika wima mpaka aondoke kwa nguvu zake.

Angalia kwanza sheria ya mahali ulipo. Kwenye mabwawa mengi ya Uingereza kumrudisha akiwa hai ni lazima, ilhali katika jimbo la Victoria, Australia, anahesabiwa mharibifu wa mito na ni kosa kumwachia majini.